Vita Havifungi Mahakama: Yanayosemwa Vijiweni na Ukweli Wake

Madereva wanaovuka Tunduma na mizigo ya Lubumbashi hurudi na habari za Congo. Za Ukraine na Gaza zinaletwa na simu. Zikishafika Mwanjelwa jijini Mbeya, au kijiwe cha kahawa pale Miomboni mjini Iringa, kesi inasikilizwa na kutolewa hukumu kabla kikombe hakijapoa. Sina ugomvi na kijiwe, nami ni mwanachama. Lakini kuna mambo kuhusu vita na mahakama ambayo wazee na vijana huyarudia kwa uhakika mkubwa, na si kweli.

"Nchi ikiingia vitani mahakama hufungwa, jeshi ndilo linahukumu"

Hutegemea nchi imejiandikia nini kabla vita havijaanza. Ukraine iko chini ya sheria ya kijeshi tangu Februari 24, 2022, lakini sheria yao hiyohiyo inasema haki itatolewa na mahakama peke yake, na inakataza kuundwa kwa mahakama maalumu. Kesi za mahakama zilizokuwa karibu na mapigano zilihamishiwa kwingine. King'ora kikilia shauri linasimama, watu wanashuka mahandakini, kisha wanarudi kuendelea.

Congo walichagua njia nyingine. Mei 2021 ilitolewa amri ya utawala wa kijeshi huko Ituri na Kivu Kaskazini, na kesi za jinai za raia zikapelekwa mahakama za kijeshi. Hata hivyo katiba yao ya 2006 inayoruhusu hilo inakataza kuondoa haki ya kukata rufaa.

Na kwetu Tanzania? Ibara ya 32 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya hatari, lakini Bunge linapaswa kuitishwa ndani ya siku 14, na azimio la kuunga mkono linahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Ibara ya 31 inaruhusu kubanwa kwa baadhi ya haki wakati huo. Ukisoma Ibara ya 107B, inayosema mahakama zote zitakuwa huru na zitazingatia Katiba na sheria tu, hutakuta neno lolote linalosema "isipokuwa wakati wa vita".

"Kama kila mtu anajua nani kaua, kesi ya nini?"

Hii ndiyo dhana inayopendwa kuliko zote, na watu wa Iringa ndio wangepaswa kuwa wa mwisho kuisema.

Siku ya Krismasi ya 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa kwa risasi Isimani. Mkulima Said Mwamwindi aliupakia mwili kwenye gari na kuupeleka mwenyewe polisi mjini. Hakukuwa na fumbo la nani alifyatua. Hakukuwa na vita pia, ila nchi ilikuwa kwenye joto la vijiji vya ujamaa, na aliyeuawa alikuwa mwakilishi wa Rais. Wapo waliotaka anyongwe kesho yake, na wapo waliomhurumia kimoyomoyo kwa sababu ya mashamba yaliyokuwa yakichukuliwa kwa ajili ya vijiji hivyo. Bado kesi ilifunguliwa Mahakama Kuu mbele ya Jaji Onyiuke. Utetezi ulidai mshitakiwa alichokozwa hadi akapoteza uvumilivu, na dai hilo likasikilizwa na kupimwa, kwa sababu katika sheria yetu uchokozi unaweza kugeuza mauaji ya kukusudia kuwa kuua bila kukusudia. Jaji hakukubaliana nalo. Mwamwindi alitiwa hatiani na akanyongwa.

Mtu atauliza: sasa ilisaidia nini, kama mwisho ni uleule? Ilisaidia kwa kuwa swali la mahakama halikuwa la kijiwe. Kijiwe kiliuliza nani kaua. Mahakama iliuliza kosa ni lipi, na kama kuna kitu kinachopunguza uzito wake. Leo zaidi ya miaka 50 baadaye tunabishana kuhusu siasa za Isimani tukijua mshitakiwa alisema nini, kwa sababu aliachwa aseme.

Weka hilo kando ya Kyiv, Mei 2022, miezi mitatu baada ya uvamizi. Sajini wa Kirusi mwenye miaka 21 alikiri kumpiga risasi mzee asiye na silaha huko mkoa wa Sumy. Alitetewa na wakili wa Kiukraine (sijui huyo wakili alikuwa anajibu nini akikutana na majirani), akahukumiwa kifungo cha maisha Mei 23. Julai hiyohiyo mahakama ya rufaa ikapunguza adhabu hadi miaka 15. Mabomu yalikuwa bado yanaanguka, na majaji wa nchi iliyovamiwa walikata adhabu ya mvamizi. Unaweza kuona miaka 15 ni michache, lakini huwezi kusema waliandikiwa hukumu na umma wenye hasira.

"Jaji huru ni yule anayeipinga serikali"

Hapana. Jaji anayeipinga serikali kila mara anatabirika sawasawa na anayeitikia kila mara. Uhuru pia si kinga ya kukamatwa: Mei 2023 Rais wa Mahakama ya Juu ya Ukraine alikamatwa kwa tuhuma za rushwa ya dola milioni 2.7, na majaji wenzake wakapiga kura kumwondoa kwenye wadhifa huo.

Tena, mahakama inaweza kuwa huru kwenye karatasi na bado ikaogopa. Marekani mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, majaji wa Mahakama ya Juu, 6 dhidi ya 3, walibariki amri iliyowahamisha kwa nguvu watu wenye asili ya Japani. Jumla ya waliofungiwa kambini ilikuwa kama 120,000. Serikali iliomba radhi 1988. Nyanda za Juu Kusini zina kumbukumbu yake: Septemba 1939 Waingereza walianza kuwakamata walowezi wa Kijerumani wa Mufindi na kwingineko, mashamba yakashikwa kama mali ya adui. Walikuwamo Wanazi wa kweli miongoni mwao, lakini kilichotosha kumkamata mtu kilikuwa utaifa.

"Mateka wa vita hana haki"

Mikataba ya Geneva ya 1949 inakataza kumhukumu yeyote bila mahakama iliyoundwa kihalali. Kupigana tu si kosa la askari. Kuua raia au mateka ni kosa.

"Basi maoni ya umma yakae mbali na mahakama"

Hapa wasomi nao huteleza. Julai 22, 2025, bunge la Ukraine lilipitisha sheria iliyoweka wapelelezi na waendesha mashitaka wa rushwa chini ya Mwanasheria Mkuu wa Mashitaka, na Rais Zelenskyy akaisaini siku hiyohiyo. Jioni vijana walijaa mitaani Kyiv na Lviv na mabango ya maboksi, ingawa sheria ya kijeshi inabana maandamano. Julai 31 bunge likarudisha uhuru wa taasisi hizo. Hawakuwa wanadai fulani afungwe. Walidai anayempeleleza mkubwa asiwe anaamriwa na mkubwa. Umma ukidai utaratibu unailinda mahakama. Ukidai hukumu unaivunja.

"Tuvumilie tu, vita vikiisha kila kitu kitarudi kama zamani"

Ile amri ya Ituri na Kivu Kaskazini ilitangazwa kwa siku 30. Ikaongezwa, ikaongezwa tena, na miaka mitatu baadaye ilikuwa bado inaongezwa. Sisi wenyewe Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, ya kumfungia mtu bila kesi, tuliitunga 1962, wakati wa amani, na Tume ya Jaji Mkuu Nyalali, ile ya mfumo wa vyama, ilipoikuta miaka 30 baadaye iliiweka kwenye orodha ya sheria 40 kandamizi.