Je, wajua? Mtoto aliyefura kwa jodari huenda hana mzio wa samaki

Skulini kumepakuliwa wali kwa mchuzi wa jodari. Nusu saa haijapita, mtoto mmoja anajikuna, mabaka yanampanda shingoni, kichwa kinamgonga na tumbo linamkata. Anapewa kidonge cha mzio, anatulia. Tangu siku hiyo jina lake linabandikwa ukutani jikoni: huyu hali samaki.

Hukumu hiyo inaonekana haina tundu, na hata sisi tuliwahi kuitoa. Tundu lipo, tena kwenye kidonge chenyewe.

Mwenye mzio wa kweli, kinga yake hukosea: huiona protini ya samaki kuwa adui, ikafungulia kemikali iitwayo histamini. Histamini ndiyo inayowasha na kufurisha. Lakini kwa jodari aliyekaa vibaya, huenda mwili haukukosea kitu. Histamini imekuja tayari ndani ya sahani. Mlinzi hakupiga kengele. Kengele imeletwa mlangoni huku inalia. Kidonge kinaizima huku na huku, kwa hiyo kupona kwa kidonge hakuthibitishi mzio.

Imetoka wapi? Nyama ya jodari, sehewa, vibua na dagaa ina histidini nyingi, kimoja cha vijenzi vya protini. Samaki akishakufa, bakteria wa matamvuani na matumboni huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, na joto huwaharakisha. Changu hana malighafi hiyo kwa wingi, ndiyo maana kisa hiki si chake sana.

Wapishi wengi hutegemea moto, na moto haufai kitu hapa. Unaua bakteria, lakini walichokwisha kukitengeneza kinabaki. Chumvi ikizidi mchuzini, huitoi kwa kuchochea kuni. Histamini ni hivyo hivyo, uchemshe, ukaange au uchome. Ndimu huondoa shombo tu. Friza huizuia isiongezeke sana, haiifuti. Na samaki mwenyewe anaweza asinuke hata kidogo. Baadhi ya walaji husikia ukali kama wa pilipili ulimini, wengine hawasikii kitu.

Basi kinga ni saa na barafu. Mwongozo wa Marekani wa mazao ya bahari unasema, joto likipita nyuzi 28.3, samaki wa aina hii awe kwenye barafu ndani ya saa 6 tangu kufa. Kwa mchana wa kaskazi Unguja na Pemba, joto hilo ni la kila siku. Piga hesabu: kavuliwa saa 10 usiku, kafika dikoni alfajiri, kanadiwa saa 2, kapanda tenga la baiskeli mpaka skuli saa 4. Saa 6 zimekwisha na moto haujawashwa. Muuzaji aulizwe kwanza saa ya kuvuliwa, bei baadaye. Kilo 1 ya samaki ipewe kilo 1 ya barafu, tabaka kwa tabaka, kwenye sanduku lenye tundu la kutolea maji. Matumbo na matamvua yatoke mapema.

Watoto kadhaa wakiugua pamoja, mshuku samaki. Akiugua mmoja peke yake, usikimbilie mzio bado: histamini haijisambazi sawa, na kipande cha jirani na tumbo kinaweza kuwa nayo tele huku cha mkiani kikiwa salama. Mzio wa kweli kwa kawaida hurudi kila mara, mara nyingi hata kwa changu, hata kwa uji wa lishe uliosagiwa dagaa. Mtoto wa namna hiyo anahitaji sufuria, mwiko na mafuta ya peke yake, maana protini inayomdhuru nayo haiogopi moto. Vipimo ni kazi ya daktari. Na mtoto akivimba ulimi, akibanwa na pumzi au akizimia, apelekwe hospitali papo hapo. Mjadala wa histamini usubiri.

Vinginevyo, jikoni kuwe na daftari: samaki gani, kavuliwa saa ngapi, kakaa kwenye barafu tangu lini, wangapi wamekula, dalili zimeanza baada ya dakika ngapi. Kipande kilichobaki kiwekwe kwenye friza, na daftari liende kwa daktari pamoja na mtoto, kabla jina lake halijabandikwa ukutani.