Pikipiki ya Kujiundia: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Toa ekzosi ya kiwandani, weka bomba tupu, injini ipumue." Anayeanza kujiundia pikipiki husikia ushauri huu kabla hata hajashika spana. Kelele si nguvu. Kwenye injini ya kabureta, ukirahisisha njia ya moshi na ya hewa bila kuongeza petroli, hewa huzidi kwenye mchanganyiko, joto linapanda, plagi inageuka nyeupe, na mwishowe pistoni inaweza kutoboka. Ukibadilisha ekzosi au chujio la hewa, badilisha pia jeti (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli), kisha soma plagi: unatafuta rangi ya kahawia hafifu.

Wengine huamini sproketi kubwa ya nyuma (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) huongeza nguvu. Haiongezi hata chembe. Meno 14 mbele na 42 nyuma ni uwiano wa 3. Ukiweka 45 nyuma unafika 3.2. Pikipiki itachomoka vizuri zaidi, lakini kwa mzunguko uleule wa injini, mwendo utapungua karibu asilimia 7.

Dhana inayonitia hofu kuliko zote ni kwamba shokapu ndefu za mbele ni pambo tu. Chora mstari unaopita katikati ya shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, hadi ardhini, kisha pima kutoka hapo kurudi nyuma hadi tairi la mbele linapokanyaga. Umbali huo, ambao kwa pikipiki nyingi hukaribia milimita 100, ndio unaolirudisha gurudumu kwenye mstari ulionyooka. Ukirefusha shokapu, pua inanyanyuka, shingo inalala nyuma na umbali unaongezeka. Kwenye barabara iliyonyooka utafurahi. Kwenye kona za mwendo mdogo usukani utakuwa mzito, na gurudumu litataka kuangukia upande. Kwa hiyo pima kabla ya kukata, si baada ya kuchomelea.

Na ukishachomelea, usisage mshono wa fremu ili tu upendeze. Chuma unachokiondoa ndicho kilichobeba mzigo. (Mshono safi una uzuri wake, kwa macho yangu.)

Wapo pia wanaodhani kazi hii ni ya sura tu. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 na 1960 walichukua injini ya pikipiki ya Triumph wakaifunga kwenye fremu ya pikipiki ya Norton iitwayo Featherbed, wakaiita Triton. Fremu ile ilisifika kwa kutulia kwenye kona, injini ile kwa kasi. Uzuri ulifuata.

Rangi? Iwe ya mwisho. Funga kila kitu kwanza bila rangi, hata nyaya na tangi, kisha zungusha usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, huku ukiangalia mpira wa breki. Ukivutika popote, bado hujamaliza kujenga.