Maswali na majibu: mbona mkoa wenye chakula ndo wenye watoto waliodumaa?

Dada, hivi ni kweli Iringa inaongoza kwa udumavu? Huku kwetu mahindi yamejaa, maharage yapo, viazi vinaozea shambani, sasa watoto wanadumaa na nini?

Ni kweli, na wala haijaongoza kwa kidogo. Utafiti wa kitaifa wa 2022, ule wanaopita nyumba kwa nyumba, ulikuta karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka 5 Iringa wamedumaa, yani ni wafupi kuliko umri wao. Njombe na Rukwa ni kama nusu ya watoto, wakati nchi nzima ni asilimia 30. Yani mikoa inayolisha Dar ndo hiyo hiyo.

Udumavu sio njaa ya tumbo, mtoto anashiba kabisa, ila anashiba kitu kimoja. Niliwahi kukaa upande wa Kilolo, hapo hapo Iringa, nyumba niliyopanga asubuhi uji mweupe wa sembe na sukari, mchana ugali na majani ya maboga, usiku ugali tena. Kuku wanapita hapo mlangoni, mayai yako kwenye kikapu chini ya kitanda yanasubiri mnunuzi wa mjini, na maziwa hivyo hivyo, lita ikijaa inaenda kuuzwa. Mama anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda shamba, mtoto yuko mgongoni au kaachwa na dada yake wa miaka saba, sasa mtoto wa miezi 9 anatakiwa ale mara 3 mpaka 4 kwa siku na tumbo lake ni dogo, nani wa kumpikia mara zote hizo? Anapewa uji mwepesi wa kwenye chupa, unajaza maji tumboni basi. Halafu watu wa Iringa msininunie, ila msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, nimeona kwa macho yangu mtoto anaonjeshwa ili alale mama apate kupumzika.

Kwahiyo ukiwa na shamba kubwa haina maana mtoto wako yuko salama. Yai moja kwa siku, dagaa waliosagwa, karanga, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, kijiko cha mafuta kwenye uji mzito, hivyo vinamsaidia kuliko huo unga wa lishe wa nafaka kumi unaouzwa bei mbaya. Na kabla ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana.

Mbona kliniki kila mwezi wananiambia wangu yuko kijani?

Kijani ya nini? Ya uzito. Unajua ule mzani wa kuning'inia, mtoto anavalishwa ile suruali ya kitambaa anatundikwa anapiga kelele, nesi anasoma mshale anaandika kwenye kadi, wa pili aje. Urefu sehemu nyingi haupimwi, ubao upo umeegemezwa ukutani nyuma ya mlango. Mtoto mfupi mnene kidogo anaweza kukaa kijani miaka miwili yote na amedumaa. Muombe nesi kwa upole ampime urefu. Wa kiume akitimiza miaka 2 akawa chini ya sentimita 81, au wa kike chini ya 79 hivi, huyo tayari kaingia huko.

Na lile neno la "sisi ukoo wetu wafupi" tuliache kwanza. Shirika la Afya Duniani lilipotoa vipimo vya ukuaji 2006 lilipima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wote waliokuwa wanalelewa na kulishwa vizuri, na hao watoto wadogo walikua karibu sawa. Mtu mzima mmoja mmoja anatofautiana ndio, ila nusu ya watoto wa mkoa mzima sio ukoo.

Mimi ni Mmasai, nina mimba ya miezi saba. Bibi (sisi tunasema koko) anasema nipunguze kula mtoto asiwe mkubwa nikashindwa kujifungua. Ni ujinga au kuna ukweli?

Sio ujinga kabisa. Bibi yako kakulia sehemu ambayo mtoto akikwama, hospitali yenye upasuaji ni mwendo wa siku nzima, kwahiyo mtoto mdogo ndo ilikuwa operesheni yao. Ile hofu ina sababu.

Shida ni kwamba unayepungua zaidi ni wewe. Damu inapungua, nguvu za kusukuma zinapungua, na mtoto anazaliwa na uzito mdogo, hashiki joto vizuri, anachoka kunyonya. Na kichwa ndo kinachokwama, ila mwili wa mtoto ukikosa chakula kichwa ndo cha mwisho kupungua. Kula mama, kunywa na FEFO zako (vile vidonge vya kuongeza damu) kila siku hata kama choo kinakuwa cheusi, hiyo ni kawaida yake. Kama wewe ni mfupi sana au uzazi uliopita ulikuwa wa upasuaji, cha kupanga ni wapi utajifungulia. Vituo vingine vina nyumba ya kusubiria, Dodoma wanaita chigonella, unaenda wiki mbili tatu kabla unakaa hapo hapo. Koko mpeleke na yeye kliniki siku moja aongee na nesi, wakati mwingine ndo inasaidia.

Mama yangu alizaa wote saba nyumbani na mkunga wa jadi, hakuna aliyekufa. Mimi kwanini nihangaike?

Mshukuru Mungu kwa mama. Wale waliokufa ndo hawapo hapa kutusimulia, na mimi ninao kwenye ukoo.

Kinachoua haraka ni damu baada ya kujifungua, na inaua hata mwenye uzazi uliokuwa mwepesi. Kuna utafiti ulifanyika Kigoma miaka ya 2000, wakunga wa jadi walifundishwa kupima damu kwa kanga, kitu ambacho kila nyumba kipo: kanga mbili zikilowa chapachapa ni zaidi ya nusu lita, hapo hakuna cha kusubiri. Napenda sana kile kipimo kwa sababu hakihitaji kusoma. Ila ukifika kanga ya pili uko nyumbani na gari hakuna, umejua tu kwamba unakufa. Kituoni kuna sindano ya kukaza kizazi inachomwa mara tu mtoto anapotoka. Hiyo sindano inatakiwa ikae kwenye baridi, ndo maana mkunga hawezi kutembea nayo kwenye mkoba.

Nchi nzima waliojifungulia vituoni walikuwa asilimia 63 mwaka 2015/16, wakafika 81 mwaka 2022. Na zile dawa za miti za kuongeza uchungu usinywe kabisa, zinaweza kupasua kizazi.

Sisi wa Dar basi tuko salama, hospitali ziko kila kona?

Haha, hapo ndo wengi tunadanganyika. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16, uliotangulia ule wa 2022, ulikuta vichanga wanakufa zaidi mjini kuliko vijijini. Wodi zimejaa, wakina mama wawili kitanda kimoja, mkunga mmoja anazungukia wengi, na mjini kuna uswahilini kwenye maji machafu ambako mama hana hata wa kumletea chai. Watoto wa chini ya siku 28 nchi nzima vifo vyao vilikuwa 25 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai, 2022 vikawa 24. Miaka yote hiyo kimeshuka kimoja tu, wakati vifo vya watoto wote wa chini ya miaka 5 vimetoka 67 mpaka 43.

Kwahiyo Dar ukiruhusiwa usikimbilie nyumbani ukasahau. Mtoto akiwa hanyonyi, amelegea, wa moto au wa baridi kupita kawaida, anahema kwa kuvuta mbavu, au kitovu kinatoa usaha, ni siku hiyo hiyo. Sio kesho asubuhi.

Songwe huku mabinti wanazaa mapema sana, inahusiana na hayo mambo ya udumavu?

Inahusiana. Songwe asilimia 45 ya mabinti wa miaka 15 mpaka 19 wameshabeba mimba, taifa ni 22. Binti mwenyewe bado anakua, wanagombania chakula na aliye tumboni.

Uchungu ukinianza usiku, kijijini hakuna gari, nafanyaje?

Piga 115, ni bure, ni ule mfumo wa m-mama. Atapokea mtu akuulize uko wapi na una hali gani, atafute ambulensi, ikikosekana anampigia dereva wa jamii wa karibu aliyesajiliwa, na huyo analipwa na mfumo akishakufikisha, wewe humlipi. Inahudumia mjamzito, aliyejifungua mpaka siku 42, na kichanga mpaka siku 28. Namba iandike ukutani kwa mkaa, na mumeo aijue, maana simu yako siku hiyo ndo itakuwa haina chaji.