Kuchekecha si kutambua

Juzi nimelisikia tena, kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito: "Wifi yangu alipimwa, wakamkuta mtoto ana Down." Nikauliza kipimo gani. "Cha damu." Basi hawajamkuta na kitu bado.

Utambuzi kabla ya kuzaliwa ni kuthibitisha, mtoto akiwa bado tumboni, kama ana au hana hali fulani, mfano tofauti ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Kwa Down, hali ya kuzaliwa nayo inayogusa ukuaji wa mwili na akili, mara nyingi kromosomu ya 21 huwa tatu badala ya mbili. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Kinachotuponza ni neno kipimo. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na pima nne za kamba ni nne, hakuna ubishi. Hospitali nako tumezoea hivyo: kipimo cha malaria kinasema unayo au huna. Ndiyo maana mjamzito akiambiwa "kipimo kinaonyesha uwezekano mkubwa", masikio yake yanapokea "unayo".

Ila ile damu, pamoja na ultrasaundi inayoangalia maji nyuma ya shingo ya mtoto kati ya wiki ya 11 na ya 14, ni chekeche. Anayechekecha unga hasemi kila kilichobaki juu ni taka. Anakitenga akitazame vizuri. Kule England matundu ya chekeche yamewekwa kwenye uwezekano wa 1 kati ya 150. Mwenye jibu hilo huhesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa, ilhali kati ya wajawazito 150 kama yeye, 149 watoto wao hawana Down. Hata kile kipimo cha vinasaba kilichoingia sokoni 2011, ambacho hukosea mara chache zaidi, ni chekeche lenye matundu madogo tu. Vinasaba vinavyosomwa kwenye damu ya mama hutoka hasa kwenye kondo la nyuma, na kondo na mtoto kuna siku hawafanani.

Kutambua ni kazi ya sindano: kuchukua chembe za kondo kuanzia wiki ya 11, au maji ya chupa ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Sindano ina hatari ndogo ya kuharibu mimba, na wapo wanaoikataa kwa akili timamu kabisa.

Uamuzi wa wazazi unakuja baada ya hapo. Tena si lazima uwe ule ambao watu hukimbilia kuunong'ona. Katiba ya Kenya ya 2010, inapotaja kutoa mimba, inazungumzia dharura na uhai au afya ya mama. Kromosomu za mtoto haizitaji. Wengi wanachoamua ni pa kujifungulia, kwa kuwa karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na nani katika ukoo aambiwe mapema.

Nilimwambia yule dada: wifi yako amebaki kwenye chekeche, basi. Kabla hamjaanza vikao vya familia, arudi akaulize kama kuna sindano, na kama anaitaka.