Uso unachonyota kila ukipaka kitu? Punguza kabla ya kuongeza

Swali ninaloulizwa kuliko yote kliniki ni "Daktari, nipake nini?" Anayeuliza mara nyingi amekuja na mfuko: sabuni ya chunusi, tona, seramu ya vitamini C, asidi ya kubabua, retinoli (aina ya vitamini A), na krimu mbili za usiku ambazo hakumbuki alianza na ipi. Uso unamchonyota hata akinawa maji matupu. Losheni aliyoitumia miaka nenda rudi bila shida, sasa inamuunguza. Jibu langu la kwanza huwa halimfurahishi: kwa wiki chache zijazo, karibu vyote vya humo mfukoni vipumzike.

Ngozi inajua kujitengeneza, tena kwa kasi ambayo wengi hawaidhanii. Ila haiwezi kumaliza kazi ikiwa asubuhi na jioni tunaibomoa upya.

Kilichoharibika ni nini hasa? Ni lile tabaka la juu kabisa, ambalo watu huliita ngozi iliyokufa na kulisugua litoke. Sehemu nyingi za mwili, unene wake ni milimita 0.01 hadi 0.02 tu; viganjani na kwenye nyayo ni nene zaidi. Watafiti wamezoea kulifananisha na ukuta wa matofali: seli bapa zilizokauka ndizo matofali, na katikati yake kuna mafuta maalumu yanayozishikanisha. Karibu nusu ya uzito wa mafuta hayo ni seramidi, robo hivi ni kolesteroli, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni asidi za mafuta. Ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasipotee ovyo, na yanayozuia sabuni, vijidudu na vichochezi vya mzio visipenye ndani.

Ndani ya seli zenyewe kuna protini iitwayo filagrini, ambayo ikivunjika hutoa chembechembe zinazoshika unyevu. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba wenye hitilafu kwenye jeni ya protini hii wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata pumu ya ngozi (ekzema). Watu hawa wanazaliwa na kinga dhaifu ya ngozi, yaani ule ukuta wenyewe. Utaratibu wa kutunza uso anaoumudu rafiki yako huenda wewe usikufae kabisa, na hapo si kwamba umekosea hatua.

Jambo jingine ni uchachu. Sehemu ya juu ya ngozi yenye afya ina pH ya karibu 5 (pH ni kipimo cha uchachu: ikiwa ndogo, uchachu ni mwingi), na vimeng'enya, yaani protini za kuharakisha kazi za kemikali, vinavyotengeneza seramidi vinafanya kazi vizuri katika hali hiyo. Sabuni ya kawaida ya kipande ina pH ya 9 hadi 10. Ukipandisha pH, vimeng'enya hivyo vinazubaa, huku vile vinavyokata viungo vya kushikanisha seli vikichangamka. Baada ya saa chache ngozi nzima hurudisha uchachu wake yenyewe. Lakini mtu anayenawa uso kwa sabuni mara nne kwa siku, kwa sababu "mafuta yamezidi," haipi nafasi hiyo.

Kuhusu dalili, maelezo mengi yanakuambia utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi ukisubiri wekundu utasubiri sana. Utakachoona ni kupauka, rangi ya kijivu, au mabaka meusi zaidi, pengine yenye kuelekea zambarau. Mimi humwomba mgonjwa ageuze shavu kuelekea dirishani nimtazame kwa mwanga wa pembeni. Ngozi iliyochoka hung'aa, lakini si kwa mafuta. Nikiisogeza kidogo kwa vidole viwili inajikunja mikunjo myembamba iliyopangana, na kando ya pua na pembeni mwa mdomo kuna magamba madogo yanayoshika poda. Kisha namuuliza: dakika kumi baada ya kunawa, kabla hujapaka kitu, uso unakubana? Jibu la swali hilo hunisaidia sana.

Tatizo la ngozi yetu nyeusi ni kwamba muwasho wowote huacha doa, na doa hukaa miezi. Mtu anaona doa, ananunua krimu ya kung'arisha, krimu inawasha, muwasho unazaa doa jingine. Hatari zaidi ni krimu za kujichubua zenye steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho) kali kama klobetasoli, mara nyingi bila kuandikwa kwenye chupa. Wiki za mwanzo uso unakuwa laini, unatulia, kila mtu anakusifia. Chini yake ngozi inapungua unene na utengenezaji wa mafuta ya kinga unashuka. Siku ukiacha, uso unalipuka kwa vipele na kuungua, nawe unaamini krimu ndiyo iliyokuwa ikikusaidia. Kama umeitumia kwa muda mrefu, tafuta daktari akusimamie unapoiacha, hasa ikiwa ulikuwa ukipaka mwili mzima.

Sasa kujenga upya. Maabara, watafiti hubandua tabaka la juu kwa utepe wa gundi, namna ya selotepu, kisha hupima maji yanayopotea. Muda si mrefu seli za chini zinaanza kumwaga akiba yao ya mafuta. Kwa kijana, kiasi cha nusu ya kinga hurejea ndani ya saa 12 hivi, na karibu yote ndani ya siku tatu. Mzee huchukua muda zaidi, na msongo wa mawazo nao huchelewesha. Hilo limepimwa, si maneno ya kufariji tu. Lakini hayo ni matokeo ya jeraha moja. Uso uliosumbuliwa miezi kadhaa, mimi huupa wiki nne, na wengine huhitaji zaidi.

Kinachonivutia ni kwamba kule kupotea kwa maji ndiko kunakoiamsha ngozi ijijenge. Ukiifunika mara moja kwa plastiki isiyopitisha kitu, ukarabati unasinzia. Mafuta ya mgando hayafanyi hivyo. Yanapenya katikati ya seli za juu na kupunguza sana maji yanayopotea, huku ngozi ikiendelea na kazi yake. Kwa hiyo ukiwa na mgando tu, hujapungukiwa.

Krimu zenye seramidi je? Ni nzuri, ila soma kibandiko vizuri. Majaribio yameonyesha kwamba ukiipa ngozi iliyoharibika aina moja au mbili tu ya yale mafuta matatu, unaweza hata kuichelewesha kupona. Yakiwa yote matatu kwa uwiano unaofaa, inapona sawasawa au haraka zaidi. Neno "seramidi" lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya chupa halikuambii mengi. Wala neno "asilia." Mafuta ya zeituni, ambayo wengi huwapaka watoto wachanga kwa moyo mweupe, yana asidi ya oleiki kwa wingi, na yalipojaribiwa kwa watu wazima yalidhoofisha kinga ya ngozi. Ya alizeti hayakufanya hivyo.

Utaratibu ninaoagiza ni mfupi. Usiku nawa kwa maji vuguvugu na kisafishaji kisicho na harufu na kisichotoa povu jingi, kwa vidole, bila dodoki wala skrabu. Asubuhi maji yanatosha. Jikaushe kwa kugusagusa taulo, na uso ukiwa bado na unyevunyevu paka krimu nzito yenye glisirini. Usiku, juu yake, ongeza mgando kidogo sehemu zinazobabuka. Watu wengi hupaka kidogo mno. Kamua krimu kutoka kwenye tyubu ikufuate kidole cha shahada, kuanzia ncha hadi mkunjo wa kwanza: hiyo inafaa eneo la viganja viwili, pamoja na vidole vyake. Mchana tumia krimu ya kuzuia jua, na zile za zinki huchonyota kidogo kuliko nyingi. Mwenye chunusi aache mgando, atumie krimu nyepesi. Dawa uliyoandikiwa na daktari usiiache kimyakimya; muulize kwanza.

Uso ukitulia kabisa, yaani hauchonyoti hata ukipaka krimu ya kawaida, rudisha kitu kimoja, kisha subiri wiki mbili kabla ya kingine. Mimi hupenda kuanza na niasinamidi (aina ya vitamini B3) ya asilimia 2 hadi 5, maana inaisaidia ngozi kutengeneza seramidi zake. Retinoli ije baadaye, usiku mbili kwa wiki, juu ya krimu. Asidi za kubabua mwisho kabisa, kama kweli bado unazihitaji. Wengi wakifika hapo hugundua hawazihitaji.

Wiki nne zikipita bila nafuu, huenda tatizo si kinga ya ngozi peke yake. Mabaka ya duara yenye kingo zilizoinuka yanaweza kuwa fangasi. Kope zinazovimba na kuwasha mara nyingi ni mzio, pengine wa rangi ya kucha au manukato. Magamba yenye mafuta kando ya pua na kwenye nyusi yana dawa yake, na mgando hautayamaliza. Ngozi ikitoa majimaji na kuganda ukoko wa njano, kuna bakteria. Na mtoto mwenye pumu ya ngozi akipata homa pamoja na vipele vya maji vinavyofanana vyote, vinavyoacha vidonda vya duara, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, maana huenda ni virusi vya hepesi vinavyosambaa.