Uzee Gani Huu Ulioingia Jumapili?

Juzi nilipanda mawe ya Mabatini, hapa Mwanza, hadi kwenye nyumba ambayo bodaboda haifiki, nikamkuta bibi wa miaka 87 amelala akiutazama ukuta, vidole vyake vikiokota juu ya shuka vitu ambavyo mimi sikuviona. Mjukuu wake, kijana msomi na mwenye adabu, aliniamkia, akanisogezea kigoda, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Bibi amesharudi utotoni, mama. Ni uzee tu." Nilimuuliza ni tangu lini. "Tangu Jumapili." Jumamosi, siku moja tu kabla, bibi huyohuyo alikuwa amechambua nusu sado ya mchele na kumkaripia muuza dagaa kwa kumpunja kipimo.

Ningependa kuelezwa ni uzee wa aina gani huo unaosubiri Jumapili ndipo uingie.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka 26, na maneno hayo nimeyasikia Igoma, Kirumba, Sengerema na Nansio, mara nyingine, kwa aibu yetu, kutoka kwa watu wanaovaa sare kama yangu. Uzee huchukua miaka. Hata demensia, ambayo ni ugonjwa wa ubongo na si uzee, kwa kawaida huja polepole kiasi kwamba familia haiwezi kutaja mwezi ilipoanza. Mzee anayebadilika ndani ya siku mbili tatu, anayepata nafuu asubuhi na kuweweseka jioni, asiyeweza kufuata mazungumzo hadi mwisho, ana delirium, yaani akili iliyovurugika ghafla kwa sababu ya jambo mwilini: nimonia, malaria, mkojo ulioziba, choo kilichofunga wiki nzima, nyonga iliyovunjika bila mtu kujua, au sukari iliyoshuka kwa sababu alimeza glibenklamaidi, dawa ya kisukari, na hakula. Na msisubiri homa. Mzee ambaye joto lake la kawaida ni 36.2 akifikia 37.5, mimi huhesabu kwamba amepanda, ingawa kipimajoto cha zahanati kitamhesabu kuwa mzima.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hata wanaokubali kuwa huo ni ugonjwa humtambua mgonjwa mmoja tu, yule anayepiga kelele. Anayevua nguo barazani na kudai kurudishwa kwao Magu, ilhali kwao Magu hakuna tena nyumba, huletwa hospitali usiku huohuo. Lakini yupo mwingine, na kwa uzoefu wangu ndiye anayetuponyoka mara nyingi, ambaye amenyamaza. Analala mchana kutwa, akiitwa anafungua macho na kuyafumba, uji unabaki mdomoni bila kumezwa, na familia inashukuru kwamba leo bibi ametulia. Hajatulia hata kidogo. Ubongo wake umezidiwa, na kwa kuwa hamsumbui mtu, hakuna anayeuliza.

Anayepiga kelele naye ana hatari yake katika ukanda wetu. Bibi anayezungumza usiku na watu wasioonekana hupewa jina baya upesi, kama vile macho mekundu, ambayo mara nyingi ni ya moshi wa kuni, yalivyowaponza bibi wengi wa Usukumani kwa kuitwa wachawi. Ndiyo maana siruhusu neno "anaweweseka" libaki bila maelezo mbele ya majirani.

Nikiingia ndani sianzi na mashine. Husalimia, kisha nikamwomba mzee ataje wanawe kuanzia kitinda mimba hadi kifungua mimba, kwa sababu kumbukumbu ya zamani inaweza kuwa nzima huku umakini wa kurudi kinyumenyume ukiwa umevunjika. Bibi wa Mabatini alinijibu "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, na ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Alitaja watoto wawili akapotea. Nilipoweka kiganja chini ya kitovu chake nilikuta uvimbe mgumu, naye akakunja uso. Mpira wa mkojo ulipopita ulitoka mkojo wa rangi ya chai ya rangi, karibu lita nzima.

Maelezo yalikuja baadaye, kidogokidogo. Choo kiko chini ya mawe na pampasi ni ghali, hivyo binti yake alikuwa amempunguzia maji. Jambo hili ninalikuta karibu kila nyumba, na silaumu mifuko ya watu, lakini kiu ya mzee hufifia na yeye hataomba. Asipokuwa na tatizo la moyo au figo, mpeni kama lita moja na nusu kwa siku, chai na uji vikihesabiwa, kwa vikombe vidogovidogo. Msivute ngozi ya mkono kupima upungufu wa maji, kwa maana ngozi ya mzee husimama hata akiwa amekunywa ziwa zima. Tena, kwa ajili ya mafua, alikuwa amepewa kwa siku tatu vile vidonge vidogo vya njano vya duka la dawa, ambavyo kwa kijana huleta usingizi, na kwa mzee hukausha kinywa, hufunga choo, huzuia mkojo na kuvuruga akili.

Ni kipi kati ya hivyo kilichomwangusha? Sijui, na ninashuku kwamba swali lenyewe si sahihi, kwa sababu kwa kawaida visababishi huwa kadhaa. Kipimo cha mkojo kilionyesha bakteria, na wengi wangeandika UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, wakafunga faili. Hata hivyo bakteria hukaa kwenye mkojo wa wazee wengi bila kuwadhuru, na sina hakika kama dawa tulizompa zilimsaidia au zilitutuliza sisi.

Zamani niliziambia familia, "Atarudi kama alivyokuwa." Siku hizi siahidi, kwa kuwa wapo wanaochukua wiki au miezi, na wapo ambao tukio kama hili hufichua demensia iliyokuwa imejificha. Jana jioni bibi alinipokea kwa "mwadila", salamu ya saa ile ile hasa, akanywa kikombe chote cha uji, akawataja wanawe wote saba bila kuruka. Kisha akaniuliza marehemu mumewe ameshatoka ziwani.