Besiboli Uwanjani: Inavyosemwa na Ilivyo

Waswahili wanaoishi Boston, Toronto au Minneapolis hawakosi kualikwa na wenzao wa kazini kwenda kutazama besiboli. Wengi huenda na hukumu mfukoni: mchezo mrefu, wa kuchosha, wa watu wanaotafuna karanga na kutupa maganda chini. Wenyeji nao, hasa wazee, wana hukumu yao: mchezo umeharibiwa na kanuni mpya, hautambuliki tena. Hukumu ya wageni ilikuwa na ukweli miaka michache iliyopita, leo imepitwa na wakati. Ya wazee haikuwa kweli hata siku moja.

"Beba mto, mechi haiishi leo"

Kwa muda mrefu lawama hii ilistahili. Mwaka 2021 mechi ya kawaida ya vipindi tisa katika Ligi Kuu ya Marekani ilichukua wastani wa saa tatu na dakika 10, urefu usiowahi kuonekana kabla. Na muda huo haukujaa mchezo. Mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, alizunguka kwenye kilima kidogo anaposimama, akapapasa kofia, akatazama mawingu. Mpigaji akatoka kwenye boksi lake, akafungua glavu, akaifunga tena, akapiga viatu kwa gongo. Yote hayo kabla ya mrusho mmoja, na mechi moja ina mirusho karibu 300.

Msimu wa 2023 ligi ikaleta saa. Sasa uwanjani kuna saa kubwa zinazohesabu kurudi nyuma, na kila mtu anaziona. Kama hakuna mkimbiaji kwenye besi, yaani vile vituo vinne ambavyo timu inayopiga huvizunguka, mrushaji ana sekunde 15 za kuanza kurusha. Kama yupo, alipewa sekunde 20, na tangu 2024 ni 18. Mpigaji lazima awe tayari zikiwa zimebaki sekunde nane. Mrushaji akichelewa, mpigaji anaandikiwa mrusho mbovu, ule wa nje ya eneo la kupigika, kwa faida yake. Mpigaji akichelewa, anaandikiwa straiki, yaani kosa moja, bila mpira kurushwa. Msimu huohuo wastani ulishuka hadi saa mbili na dakika 40, na mwaka 2024 ukafika saa mbili na dakika 36. Mechi hazijawahi kuwa fupi hivyo tangu katikati ya miaka ya 1980.

Mabadiliko hayo yaligusa hata vibanda vya bia. Klabu nyingi zilikuwa na desturi ya kufunga mauzo kipindi cha saba kinapomalizika, ili watu watulie kabla ya kushika usukani. Mechi zilipofupika, baadhi ya klabu zikasogeza mwisho wa mauzo hadi kipindi cha nane. Kila mtu na ahukumu mwenyewe kama huko ni kumjali mshabiki au kujali sanduku la fedha. Mimi nina jibu langu.

Kwa hiyo ukiingia uwanjani saa moja jioni, yaelekea saa nne kasoro uko njiani kurudi nyumbani.

"Hakuna kinachotokea"

Mwaka 2013 gazeti la Wall Street Journal lilipima kwa saa, likapata kwamba katika mechi ya karibu saa tatu, vitendo vyenyewe vilijaza dakika kama 18 tu. Hesabu hiyo hutajwa kama ushahidi wa mwisho dhidi ya besiboli. Lakini ilipima kitu kimoja tu, yaani mwendo. Haikupima maamuzi, na besiboli kwa sehemu kubwa ni maamuzi.

Aliyezoea soka hufuata mpira kwa macho. Hapa tabia hiyo itakuchosha, maana mpira muda mwingi uko mkononi mwa mtu mmoja aliyesimama. Kila mrusho ni kama penalti: mpigaji yuko mita 18.44 mbele ya mrushaji, mpira unakuja kwa kilomita 150 kwa saa, unafika kwa takriban sekunde 0.4. Hakuna anayeweza kusubiri aone kwanza. Lazima akisie ni mpira wa aina gani, wa moja kwa moja au wa kupinda, wa juu au wa chini. Na mrushaji anajua kwamba anakisiwa.

Sasa tazama watu. Mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji ndiye anayependekeza mrusho. Zamani alifanya hivyo kwa vidole, katikati ya mapaja, na timu pinzani ilijitahidi kuiba ishara hizo. Msimu wa 2017 Houston Astros walitumia kamera kuzisoma, kisha wakapiga pipa la taka karibu na benchi ili kumjulisha mpigaji wao kinachokuja. Walitwaa ubingwa mwaka huo. Ligi ikaja kuwaadhibu Januari 2020. Tangu 2022 mdakaji ameruhusiwa kubonyeza vitufe na mrushaji akasikia sauti ndani ya kofia yake. Pipa halina kazi tena.

Kisha tazama wachezaji wa nje, wanaolinda nyuma kabisa ya uwanja, kabla ya mrusho. Utawaona wakisogea hatua tatu kushoto au wakirudi nyuma, kulingana na mpigaji aliyeingia. Kwenye televisheni huoni hayo, kwa sababu kamera imekaza macho kwa mrushaji na mpigaji. Hii ndiyo faida kubwa ya kwenda uwanjani, na ndiyo maana siwashauri wageni kung'ang'ania viti vya karibu kabisa na vya ghali. Kiti cha juu, nyuma ya mpigaji, kinakuonyesha ramani nzima.

Na akiwapo mkimbiaji kwenye besi ya kwanza, usiende chooni. Besi ya pili iko mita 27.43 mbele yake na anataka kuiiba, yaani kuikimbilia bila kungoja mpira upigwe. Mrushaji anaweza kuacha kurusha na kumtishia, lakini tangu 2023 ni mara mbili tu kwa kila mpigaji. Akijaribu ya tatu na asimtoe, mkimbiaji anapewa besi ya bure. Mwaka huohuo besi zenyewe zilipanuliwa, kutoka sentimita 38 hadi 46 kila upande. Wizi wa besi ukapanda kutoka 2,486 msimu wa 2022 hadi 3,503. Wakimbiaji, waliokuwa wamesahaulika kwa miaka, wakarudi kuwa watu wa kuogopwa.

"Sheria zake mpaka uzaliwe nazo"

Sheria za pembeni ni nyingi, hilo kweli. Za kuanzia hazizidi kiganja. Mpigaji akikosa mara tatu, ametoka. Mrushaji akirusha mirusho minne mibovu, mpigaji anatembea bure hadi besi ya kwanza. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana. Anayezunguka besi zote nne amepata pointi. Wasichana waliocheza raundaz katika shule za msingi za Kenya tayari wana nusu ya somo, maana michezo hii miwili ni ya ukoo mmoja.

Mengine utajifunza kwa penseli. Viwanja vingi huuza kijitabu chenye jedwali la kurekodi mechi. Kila nafasi ina namba yake: mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, na kuendelea hadi 9. Ukiona jirani yako ameandika 6-4-3, anakuambia mpira umeokotwa na namba sita, ukatupwa kwa namba nne, ukaishia kwa namba tatu, na watu wawili wametoka kwa pigo moja. Herufi K ni aliyekosa straiki tatu. Ikigeuzwa nyuma, ni aliyeganda akitazama ya tatu ikipita. Muulize jirani huyo swali. Warekodi kwa penseli hupenda kuulizwa.

"Kanuni mpya zimeua mchezo wa asili"

Hapa ndipo penye mzizi wa mambo, kwa sababu kila kizazi huita asili kile kilichokikuta utotoni.

Tuanze na asili yenyewe. Wamarekani wengi walifundishwa kwamba Abner Doubleday aliibuni besiboli mwaka 1839 katika mji wa Cooperstown, New York. Hadithi hiyo ilipitishwa na tume iliyoundwa mwaka 1905, ikitegemea kumbukumbu za mzee mmoja. Mwaka 1839 Doubleday alikuwa mwanafunzi katika chuo cha kijeshi cha West Point, na hakudai kamwe kubuni mchezo wowote. Neno "base-ball" lilikwisha kuchapwa London katika kitabu cha watoto mwaka 1744. Hata hivyo Jumba la Mashujaa wa besiboli lilifunguliwa Cooperstown mwaka 1939, kuadhimisha miaka mia ya jambo ambalo halikutokea. Jumba lenyewe ni zuri, nendeni.

Umbali wa mrushaji ambao leo ni kama amri ya Mungu uliwekwa mwaka 1893. Taa za usiku zilikuja katika Ligi Kuu mwaka 1935, mjini Cincinnati, na walikuwapo walioziona kama kituko. Uwanja wa nyumbani wa Chicago Cubs, Wrigley Field, haukuwa na taa hadi 1988. Mwaka 1968 warushaji walitawala kiasi kwamba Bob Gibson wa St. Louis aliruhusu wastani wa pointi 1.12 kwa kila vipindi tisa. Ligi ikajibu kwa kushusha kilima cha mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10 msimu uliofuata. Mwaka 1973 nusu ya ligi ikaruhusu mtu maalumu wa kupiga badala ya mrushaji, na mabishano yakachukua miaka 49 hadi nusu ya pili ilipokubali, 2022.

Kinachosahaulika ni kwamba mchezo hubadilika hata kanuni zisipoguswa. Klabu zilipoanza kuajiri wataalamu wa takwimu, waligundua mahali kila mpigaji anapopenda kuelekeza mpira, wakawapanga walinzi watatu upande mmoja. Mapigo yaliyomfikisha mpigaji besi kwa vizazi yakawa yanaangukia mikononi mwa mtu. Warushaji nao walizidi kuongeza kasi. Mwaka 2022 wastani wa upigaji katika ligi ulishuka hadi .243, yaani mapigo 243 ya kufika besi kwa kila majaribio 1,000, wa chini kabisa tangu huo mwaka wa 1968. Kanuni ya 2023 inayotaka walinzi wawili kila upande wa besi ya pili ilikuja kurudisha kile ambacho kompyuta zilikuwa zimekiondoa. Kwa hiyo anayesema kanuni mpya zimeua mchezo wa zamani amegeuza mambo kichwa chini.

Kuna moja tu ninayokubaliana na wazee: kumweka mkimbiaji wa bure besi ya pili kila kipindi cha nyongeza kinapoanza, kanuni iliyozaliwa wakati wa korona mwaka 2020 na kufanywa ya kudumu 2023. Inafupisha usiku, sawa. Lakini besi hiyo haikutafutwa na mtu, na ligi yenyewe haiitumii kwenye mechi za mtoano.

"Zamani wachezaji walikuwa wa kweli"

Zamani ipi? Hadi tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, Ligi Kuu ilikuwa imewafungia wachezaji weusi kwa zaidi ya nusu karne. Moses Fleetwood Walker alikwisha kuchezea Toledo mwaka 1884, kisha mlango ukafungwa bila hata kanuni iliyoandikwa. Waliozuiwa walijenga ligi zao. Ile aliyoiongoza Rube Foster ilianzishwa Kansas City mwaka 1920. Mwaka 2024 Ligi Kuu iliingiza takwimu za ligi hizo katika kumbukumbu rasmi, na Josh Gibson, aliyefariki miezi michache kabla ya Robinson kuingia, akawa wa kwanza kwa wastani wa upigaji wa maisha yote: .372. Alimpita Ty Cobb, aliyekuwa akiishikilia rekodi hiyo. Rekodi nyingi za enzi hiyo tukufu ziliwekwa na watu ambao hawakuwahi kukabiliana na wengi wa wapinzani wao wa kweli.

"Ni mchezo wa Wamarekani peke yao"

Waulize Wajapani, walioifunga Marekani 3-2 katika fainali ya Kombe la Dunia la besiboli huko Miami, Machi 2023, Shohei Ohtani akimtoa Mike Trout kwa straiki ya mwisho. Waulize Jamhuri ya Dominika na Venezuela, zinazojaza vikosi vya Ligi Kuu. Mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza humo ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyeitwa na Pittsburgh Aprili 2017 na kupiga pigo la kumfikisha besi mara yake ya kwanza kushika gongo. Watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012. Mwaka mmoja nyuma timu nyingine ya Uganda ilifuzu ikakwamishwa na viza. Na Dar es Salaam, katika Shule ya Sekondari ya Azania, uko uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani.

"Mpira ukikuangukia, urudishe"

La. Mpira uliopigwa ukaingia jukwaani ni wako, desturi iliyotiwa nguvu baada ya mshabiki mmoja wa New York Giants kufukuzwa uwanjani mwaka 1921 kwa kukataa kuurudisha, akashtaki na kushinda. Lakini weka simu chini mpigaji anapokuwa tayari. Nyavu za kulinda watazamaji zimerefushwa katika viwanja vyote 30, baada ya watu kuumia vibaya, akiwamo mtoto aliyegongwa New York mwaka 2017. Hazifiki kila mahali.

"Roboti wamechukua kazi ya mwamuzi"

Bado. Ligi imeidhinisha kwa msimu wa 2026 utaratibu wa rufaa dhidi ya uamuzi wa mwamuzi kama mrusho ni straiki au ni mbovu: kila timu inaanza mechi na mbili, na zinazoshinda hazihesabiwi. Anayeruhusiwa kukata rufaa ni mpigaji, mrushaji au mdakaji tu, papo hapo, kwa kugonga kofia yake. Kocha hana sauti. Kamera zinaonyesha kwenye skrini kubwa mpira ulipopita, na uwanja mzima unajua jibu wakati mmoja na mwamuzi. Mirusho mingine yote, na ni mamia, bado anaiamua yeye mwenyewe, amesimama nyuma ya mdakaji, akizomewa kama kawaida.